Chandarua Nyuma ya Mlango

Jumanne, 3 Machi 1998

Umeme umekatika tena katikati ya kazi. Tangu asubuhi nilikuwa natenganisha chembe nyeupe za damu ya watoto wa Mabogini, kule bondeni. Kazi yenyewe ni kumimina damu polepole juu ya dawa nzito, na mkono ukitetemeka kidogo tu vitu vinachanganyika, siku yako imekwisha. Mashine ya kuzungusha ikasimama kabla ya muda wake. Thadeus, mwenzangu wa maabara, akasema, "Pole, daktari wa mbu. Hata chembe zinataka kupumzika." Nilitamani kumrushia pipeti.

Mchana Dk. Hosea, mkuu wetu, alituita tunywe chai gizani. Akarudia lile wanalotuuliza wafadhili. Tunao watoto wa bondeni, wanaoumwa na mbu kila siku mpaka miili yao imejifunza kupambana na malaria. Tunao watu wa mlimani, ambao miili yao haijajifunza chochote. Hatuna hata mmoja aliye njiani kati ya hao wawili. "Mtu mzima wa juu kabisa," alisema, "anayeshuka kuishi bondeni kwa mara ya kwanza. Chandarua apewe, dawa apewe, ndiyo sheria ya mradi. Lakini akiugua hata hivyo, tuwe na damu yake ya kabla na ya baada. Tungeiona kinga inavyozaliwa." Alisema hivyo akiangalia mvua dirishani, na chai yake ikapoa.

Alhamisi, 5 Machi

Naitrojeni ya kugandishia damu imekwama njiani, barabara imekatwa na maji. Hii Elnino itatumaliza.

Jumapili, 8 Machi. Kidia, nyumbani

Nimepanda nyumbani nikakuta mama na dada Hellen hawasemeshani. Hellen amekata na kung'oa mistari yote ya kahawa ya upande wa chini, ile aliyoipanda baba kwa mkono wake. Mama ananiambia, "Eunike, dada yako amemfukua baba yake." Kaburi la baba liko palepale kihambani, kwenye shamba letu la ukoo, hatua chache tu kutoka kwenye mashina yaliyokatwa.

Hellen naye ana lake. Wanunuzi binafsi wanakuja na magari yao, kila mmoja na bei yake, na mwisho wa siku zote ni bei za kukutukana. "Baba mwenyewe angezing'oa," alisema. Kahawa hizo ndizo zilizonisomesha mpaka chuo kikuu, na aliyezichuma ni Hellen. Yeye aliishia darasa la saba. Hakuna aliyemwambia abaki, alibaki tu, na mimi nikaenda.

Baada ya ibada akaenda mpakani, pale kwenye ua wa masale, akachuma jani moja akaja nalo kwa mama kwa mikono miwili. Kwetu sale ni jani la kuombea msamaha, na halikataliwi. Ukiletewa, hata kama moyo unachemka, unapokea, na neno limekwisha hapo. Mama alilitazama muda mrefu, akalipokea. Kisha akaninong'oneza jikoni, "Amenifunga mikono, huyu." Jioni walikuwa wanamenya ndizi za mtori pamoja, wakinisema mimi kwa kukonda.

Hellen ana mpango. Amekodi jaruba la mpunga Mabogini, jirani na Ebenezeri wa kwaya yetu. Mche umeshapandikizwa. Kwa sasa atashuka asubuhi na kupanda jioni, lakini mpunga ukianza kuzaa itabidi alale hukohuko, maana ndege wanaingia shambani kabla hata jua halijachomoza.

Nasikia aibu kuandika jambo hili, ila nitaliandika. Aliposema "nitalala hukohuko," sikufikiria mbu. Nilifikiria ile chai ya gizani.

Jumatatu, 9 Machi

Nimemwambia Dk. Hosea. Ameinuka kwenye kiti.

Jumamosi, 14 Machi

Nimechukua damu ya Hellen. Alikuja maabara na gauni lake la kanisani, amejipaka mafuta mpaka viwiko vinang'aa, maana mdogo wake anafanya kazi hapa na hataki kumtia aibu. Nilimsomea maelezo yote, akatia sahihi yake ile ya mviringo. Thadeus akamtania, "Dada, damu yako itakaa kwenye baridi kuliko ya kule Kibo." Hellen akasema basi wampelekee blanketi.

Mishipa yake haipatikani kirahisi. Mkono wa kulia ndio una mmoja mzuri, mnene, kwenye mkunjo wa kiwiko.

Akaniuliza, "Kwani huko chini kuna ubaya gani? Wewe ndiye unayejua." Nikamwambia malaria ya bondeni ni kali kwa mtu wa mlimani, atumie chandarua, na akisikia homa asicheze na vidonge vya dukani, aje kwangu. Yote hayo ni kweli. Ila niliyasema harakaharaka huku nikiandika namba kwenye vichupa, kama mtu anayesoma matangazo ya usharika. Sikumwambia kwamba watu wazima wa kwetu wanaolala Mabogini kwa mara ya kwanza huwa tunawaona wodini. Nilijiambia nisimtishe.

"Chandarua nitakuletea mimi," nikasema. "Cha mradi, kilichochovywa dawa."

"Aika," akashukuru. Akashusha mkono wa gauni.

Jumanne, 24 Machi

Dk. Hosea ameidhinisha chandarua cha Hellen nami nimekichukua stoo. Cheupe, kikubwa, kinanuka dawa. Nimekining'iniza kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba changu ili nisikisahau.

Jumapili, 5 Aprili

Mvua. Sikupanda nyumbani. Damu ya Hellen iko salama kwenye mtungi wa naitrojeni, nimeikagua.

Jumapili, 12 Aprili. Pasaka

Kanisa lilijaa mpaka nje chini ya miavuli. Hellen aliimba sauti ya pili, na kuna mahali sauti yake ilipita juu ya wengine wote, mama akanibana goti. Dada yangu ana sauti jamani. Mimi nikiimba, watoto hugeuka.

Tulipokuwa tunakula, Hellen akasema Jumamosi ijayo anahamia kwenye kibanda cha jarubani kuamia ndege, awafukuze wasile mpunga. Mama akaweka kijiko chini. Watu wa kwetu wamelima bondeni miaka yote, mahindi na maharage, lakini jua likiinama wanakunja mzigo na kupanda. Hata marehemu baba, awe amechoka namna gani, hakulala huko hata mara moja. "Sisi hatulali porini," mama alisema.

"Mama, ndege hawasubiri nipande niteremke," Hellen akajibu.

Mama akanigeukia mimi. "Wewe unayesomea mambo hayo. Kuna shida?"

Wote walinitazama, pamoja na shangazi na watoto wake. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ningeweza kusema: ndiyo, mama, shida ipo, hao wazee walikuwa na sababu yao, mwili wa Hellen haujawahi kukutana na kitu kile hata mara moja, akilala huko msimu huu wa Elnino anaweza kufa. Niliyajua hayo kama ninavyojua jina langu. Nikasema, "Atakuwa na chandarua, mama."

Mama akarudisha kijiko mkononi. Alitosheka. Aliyesema ni mwanawe msomi.

Ijumaa, 17 Aprili

Chandarua bado kipo nyuma ya mlango. Kesho.

Jumamosi, 18 Aprili

Leo amekuja mwenyewe. Nilikuwa nafua, nikasikia "Hodi!" na Hellen yuleyule, kapu kichwani, sufuria na godoro la sponji mgongoni kama mhamiaji. Nikafungua mlango, na mlango wa kile chumba ukiufungua unakwenda mpaka ukutani. Chandarua kikawa kimefichwa nyuma yake.

Tukanywa chai. Akanisimulia jinsi mpunga ulivyo kijani, jinsi atakavyomwezekea mama jiko jipya, na kwamba Ebenezeri anajifanya bingwa wa ndege wakati yeye mwenyewe anasinzia. Alicheka kile kicheko chake cha puani. Alipoinuka akaniuliza, "Kile chandarua je?"

Nikasema, "Bado hakijaletwa."

Neno lilitoka lenyewe. Nimekaa hapa tangu alipoondoka nikijiuliza limetoka wapi. Akasema, "Basi, si neno, nitajifunika khanga." Akatoka. Nikafunga mlango, na chenyewe hicho hapo kinaning'inia.

Nitampelekea Jumatatu.

Jumatatu, 20 Aprili

Kazi nyingi.

Ijumaa, 24 Aprili

Mvua kubwa. Daraja la kwenda Mabogini linapitika, wanasema. Sikwenda.

Jumanne, 28 Aprili

Dk. Hosea ameuliza habari za "mshiriki wetu". Nimesema anaendelea vizuri. Akauliza kama chandarua anakitumia. Nimesema ndiyo.

Niseme ukweli angalau kwenye karatasi hii. Sijasahau. Tangu mwanzo sijasahau. Mtu akilala ndani ya chandarua chenye dawa anaweza kumaliza msimu wote bila kuugua, na asipougua hakuna damu ya baada. Mimi namsubiri augue kidogo. Kidogo tu, homa ya siku mbili, kisha dawa nzuri nitampa mwenyewe. Nimeandika "kidogo" mara mbili na naona mkono wangu ulivyotaka kuliandika mara ya tatu.

Kesho nakipeleka. Haki ya nani, kesho.

Ijumaa, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi. Nimelala mchana kutwa. Mvua.

Jumatano, 6 Mei

Nimerudi chumbani kubadili nguo tu. Naandika kwa sababu nisipoandika nitapiga kelele.

Asubuhi Thadeus alikuja mbio akaniambia niende hospitali, dada yangu ameletwa. Ebenezeri alikuwa amemtoa Mabogini kwenye tela la pawatila, lile trekta dogo la kulimia majaruba, akamfunika na turubai, kwa mwendo ule wa pawatila, mvua ikiwanyeshea njia nzima. Homa ilianza Jumapili. Hellen alinunua klorokwini dukani, akaitapika. Ebenezeri alitaka kumleta juzi, Hellen akasema ndege watamaliza mpunga. Halafu akasema, "Na Eunike atanigombeza."

Nilimkuta kwenye benchi la mapokezi, khanga yote matope. Macho yalikuwa wazi lakini hayakuniona. Alikuwa anafukuza ndege. Anainua mkono, anarusha jiwe ambalo halipo, anapiga kelele kwa Kichagga, "Hao! Hao wanashuka!" Watu wengine waliokuwa wakisubiri walikuwa wanaangalia chini. Kisha mwili ukakakamaa wote, meno yakabana, ukaanza mtikisiko. Mimi nimeusoma ugonjwa huu miaka. Nimetoa mihadhara juu yake. Nilisimama pale nimeshika mkoba wangu.

Wakamwingiza wodini. Sista wa zamu, mama mmoja mnene aitwaye Bernadetha, akaandaa dripu ya kwinini. Akaniambia, "Dada, wewe si mtu wa maabara? Hebu toa damu ya kipimo, mimi nimalizie hii."

Damu ya kipimo ni tone la kidoleni. Hilo nalijua tangu mwaka wa kwanza.

Nilikuwa na vichupa ndani ya mkoba. Sijui nilivitia saa ngapi, labda vimekuwemo tangu Aprili. Nikafunga mpira kwenye mkono wake wa kulia. Mshipa ule mzuri wa kwenye kiwiko nilikuwa naukumbuka. Ukatokeza, nikachoma, nikajaza kichupa cha kwanza, cha pili, cha tatu. Sista Bernadetha alikuwa ameshamaliza, amesimama na dripu mkononi, ananisubiri. Akasema, "Yote hiyo ya nini?" Nikasema, "Kimoja tu, sista, namaliza." Nikajaza kingine. Hellen akajitikisa, sindano ikatoka vibaya, mshipa ukapasuka ndani na mkono ukavimba palepale.

Sista akaniondoa kwa bega lake. Akatafuta mshipa mwingine. Mkono wa kushoto hakuna. Viganjani hakuna, homa ilikuwa imemkausha. Akachoma, akakosa, akachoma tena. "Huu mmoja ndio uliokuwepo," alisema, si kwa kunigombeza, alikuwa anajisemea tu, "na umekwenda." Mwishowe aliupata kwenye mguu. Sijui ni dakika ngapi zilipita. Nilikuwa na vichupa vyenye joto la dada yangu mkononi, nikitazama sista anamtafutia mshipa kwenye mguu wenye matope ya jaruba.

Na unajua nilifanya nini baada ya hapo? Nilivipeleka maabara, maana damu ikikaa chembe zinakufa. Nilizitenganisha. Mkono wangu haukutetemeka hata kidogo.

Alhamisi, 7 Mei

Hajaamka. Mama ameshuka. Amekaa pembeni ya kitanda na chupa ya uji, anaomba bila sauti. Aliponiona alisimama, yeye mama yangu, akanipisha kiti chake. "Kaa, mwanangu. Wewe ndiye unayejua la kufanya."

Ijumaa, 8 Mei

Bado.

Jumamosi, 9 Mei

Ameamka! Mchana, wakati wa kuona wagonjwa. Akaomba maji. Nililia mpaka Sista Bernadetha akanitoa nje. Ebenezeri alikuwepo barazani, akapiga magoti palepale penye maji.

Jumapili, 10 Mei

Hasikii.

Tulidhani amechoka. Mama alimwita, mimi nikamwita, Thadeus akaangusha sufuria kwa makusudi nyuma yake. Hakugeuka. Hellen mwenyewe aligundua alipoona midomo yetu inacheza. Akashika masikio, akasema kwa sauti kubwa mno, wodi nzima ikageuka, "Mbona mmenyamaza?"

Daktari anasema ni ugonjwa wenyewe, pengine na kwinini pia. Anasema masikio yanaweza kurudi. Nikamuuliza ingekuwaje kama dawa ingeingia mapema kidogo. Akasema hakuna awezaye kujua hilo. Alikusudia kunifariji.

Jumapili, 17 Mei. Kidia

Amerudi nyumbani. Mchungaji ametangaza kanisani shukrani za familia, na akanitaja mimi kwa jina, binti wa usharika huu ambaye elimu yake imemwokoa dada yake. Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja akaniambia nje, "Ndiyo maana tunasomesha." Hellen alikaa benchi la wanakwaya kwa mazoea. Walipoanza wimbo alifungua kinywa, kisha akakifunga, akawa anatazama kitabu.

Jumamosi, 23 Mei

Ndege wamekula mpunga wote. Ebenezeri aliokoa kidogo, kiasi cha kuonja tu.

Jumatano, 27 Mei

Sikio la kushoto limeanza kurudi, mama ameniletea habari. Ukipiga kelele karibu kabisa, anasikia. Sikio la kulia hakuna kitu.

Chandarua kipo palepale. Sijui nikipeleke wapi. Nikilala nakiona, nimekifunika na koti langu.

Jumatatu, 8 Juni

Matokeo yametoka. Dk. Hosea alitandaza karatasi mezani, mimi na Thadeus tukaziinamia. Damu ya Machi: chembe zake tulivu kabisa, tukizionyesha malaria ni kama hazioni. Damu ya Mei: vurugu, moto kila upande, zinapiga ovyo bila kujua zinampiga nani. Ni kama nilivyotegemea. Yaani ni vilevile nilivyotegemea.

Dk. Hosea alivua miwani akaifuta. "Nzuri," akasema. "Lakini mtu mmoja hatoshi. Hatuwezi kusema lolote kwa mtu mmoja. Tutafute wengine watano. Wapo wengi wanaoshuka sasa hivi kwa sababu ya kahawa. Na vyandarua tuwape, kama tulivyompa dada yako."

Nikasema, "Hakupewa."

Sikujua kama nitasema. Nilisema mbele ya Thadeus, nikaeleza msumari, mlango, vichupa ndani ya mkoba, mshipa. Thadeus, ambaye hajawahi kukosa utani tangu nimjue, alikwenda kusimama dirishani. Dk. Hosea alikusanya karatasi zote mezani. Kisha akasema sitashiriki tena katika kazi ya kuchukua damu za watu, na kwamba ataandika ripoti kwa wenye mradi, na mambo mengine ya kazi ambayo nilistahili. Nikaanza kumwomba msamaha. Akainua mkono.

"Eunike, mimi si wa kuombwa. Una kwenu."

Jumamosi, 13 Juni. Kidia

Leo asubuhi mvua imekoma na mlima umeonekana wote. Nimefika nyumbani Hellen yuko uani, ameketi kwenye kigoda anapukuchua mahindi. Mama alikuwa jikoni, moshi unapita juu ya mlango. Mimi sikuingia. Nilikwenda kwanza mpakani nikachuma sale.

Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno. Ya chini, ya taratibu, mimi na yeye tu. Nilikuwa nimesahau kwamba hasikii mtu akisema taratibu.

Nikapiga magoti mbele yake, nikainua lile jani kwa mikono miwili. Alishtuka. Kisha akatabasamu, akanyoosha mkono alichukue. Nikaona anadhani ni la vitu vidogo, labda sikumletea sukari, labda sikuja wiki mbili. Angelipokea na neno lingekwisha. Kwa mila yetu lingekwisha kabisa, na mimi ningeondoka huru, na yeye asijue amenisamehe nini.

Nikarudisha jani kifuani. Nikamwinamia sikio la kushoto, nikasema. Akatikisa kichwa. Nikapaza sauti. "Nini?" akasema.

Basi nikapiga kelele. "Chandarua kilikuwepo!"

Kuku wakatawanyika. Upande wa pili wa ua, jirani yetu Yuditha alikuwa anakata majani ya ng'ombe, nikasikia panga lake limesimama.

"Chandarua kipi?"

"Chako! Ulipokuja! Kilikuwa nyuma ya mlango!"

Hellen alinitazama usoni, akisoma midomo pamoja na kusikia. Akafikiri. Halafu, Mungu wangu, akanifungulia mlango wa kutokea. Akaniuliza kwa upole wote, kwa sauti yake hii mpya isiyojua ukubwa wake, "Ulisahau?"

Ilikuwa rahisi hivyo. Kuitikia kwa kichwa tu.

"Hapana!" nikapiga kelele. "Sikusahau!"

"Unasemaje?"

Nikalazimika kulirudia. "Sikusahau! Nilitaka uugue! Nilitaka damu yako!" Nikaendelea, maana nikinyamaza nisingeweza kuanza tena. Nikamwambia kuhusu vichupa, kuhusu mshipa, na jinsi sista alivyonisubiri. Kila neno kwa kelele, kana kwamba namgombeza yeye. Sauti yangu ilikuwa inagonga ukuta wa nyumba ya baba na kunirudia. Jikoni hakukuwa na mlio hata wa kijiko.

Nilipomaliza, Hellen alikuwa ameshika gunzi, halipukuchui. Akaniuliza, "Na hiyo damu, ilifaa kitu?"

"Mtu mmoja hatoshi!" nikajibu. "Wamesema hatoshi!"

Akatoa kile kicheko cha puani, kifupi, hakikuwa na furaha ndani yake. Akageuka kuangalia upande wa chini, penye visiki vya kahawa. Kisha akanyoosha mkono, ule wa kulia, akanipokonya sale kifuani.

"Halikataliwi," akasema. "Nimepokea. Lakini usiniguse leo. Usinishike hata mkono." Akaliweka lile jani mapajani juu ya mahindi, akaendelea kupukuchua.

Nikainuka. Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko na mwiko mkononi. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu neno la ngapi. Machozi yalikuwa yanashuka na hayafuti. Nikamwendea mikono mitupu.

Akanitazama ile mikono.

"Masale yamejaa mpakani," mama akasema. "Nenda kachume jingine."